Boti ya Doria Iende Ng'ambo Kwanza

Ukitaka kununiwa kwenye mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, sema kwamba Kongo isaidiwe kulinda upande wake wa Ziwa Tanganyika, iwe kwa fedha zetu au za wafadhili. Utajibiwa kabla hujamaliza: tuwape mafuta wanaotuibia mashine? Hasira hiyo ina msingi. Hata hivyo naona wenye hoja ya kusaidia ng'ambo wanazomewa kabla ya kusikilizwa, na hoja yao ni nzito kuliko inavyosimuliwa vijiweni.

Tuanze na mashine yenyewe. Jambazi wa ziwani hana haja na dagaa. Wanaoza na kuwauza ni kazi. Anataka injini iliyofungwa nyuma ya mtumbwi, nyavu, na siku hizi taa za sola zilizochukua nafasi ya karabai. Anakuja usiku wa giza kwa sababu ndio usiku wa kazi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawazifuati taa, na wavuvi wengi wanabaki nyumbani. Kwenye giza, taa ile ile inayowaita dagaa inamwonyesha mwenye bunduki chombo kilipo. Akishaondoka na mashine, wavuvi wanabaki na makasia kwenye maji yenye upana wa kilomita 50 hivi, na simu haishiki mtandao.

Hasara haiishii kwa tajiri mwenye chombo. Vijana wa chomboni wanaishi kwa mgawo, kwa hiyo mashine ikienda, mgawo umekwenda. Mama anayeanika dagaa mchangani, kama alishatanguliza hela, atazidai kwa nani? Lakini lipo jambo linalonisumbua kuliko hayo, nalo sisikii likisemwa. Tajiri aliyeporwa mara moja haruhusu tena chombo chake kwenda mbali. Jirani yake akisikia, naye anafanya hivyo hivyo. Mwisho vyombo vinabanana karibu na ufuko, kule kule ambako dagaa wachanga hukulia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Watu walikaa miezi 3 bila kuingia majini, kwa uchungu tunaoujua. Kama baada ya kufunguliwa woga wa bunduki unawarundika wavuvi juu ya mazalia, basi jambazi anakula hata akiba tuliyojinyima kuiweka. Ulinzi wa ziwa na uhifadhi wa samaki tunaviendesha kama mambo mawili ya wizara mbili, wakati mvuvi anavipata vyote usiku mmoja.

Sasa, kwa nini ng'ambo? Kwa sababu sehemu kubwa ya bunduki zinazotembea ziwani zina makao ufukweni kule. Septemba 2017 kundi la waasi la William Yakutumba, lenye ngome zake upande wa Fizi huko Kongo, liliushambulia mji wa Uvira, ulioko kaskazini mwa ziwa, likitumia pia boti, na likazuiwa kwa msaada wa vikosi vya Umoja wa Mataifa. Vikosi hivyo, MONUSCO, vilifunga shughuli zake katika jimbo la Kivu Kusini mwezi Juni 2024. Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya jimbo hilo, ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Serikali ambayo mkono wake hauufikii mji mkuu wa jimbo haitaufikia ufuko wa rasi ya Ubwari, kule kule Fizi.

Upande wetu tuna takribani asilimia 41 ya ziwa, Kongo ina 45, Burundi na Zambia wanagawana kilichobaki. Tupatiwe boti 10 mpya kesho, zote zitalazimika kugeuza katikati ya maji. Jambazi anaujua mpaka huo vizuri na anajua upande wa pili hakuna anayemngoja.

Bahari ya Hindi ilishapita huko. Mwaka 2011 Ofisi ya Kimataifa ya Baharini ilihesabu matukio 237 ya maharamia wa Kisomali. Mwaka 2013 yalikuwa 15. Watu wakizisoma namba hizi wanawapongeza wanamaji wa kigeni na walinzi wenye silaha waliopandishwa kwenye meli za mizigo, na ni kweli hao walifanya kazi kubwa. Ila kulikuwa na kazi nyingine isiyopigwa picha. Januari 2009 nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana huko Djibouti kushirikiana, na vikaanzishwa vituo vitatu vya kupashana habari: Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya fedha za mwanzo ilitoka Japani. Kenya na Shelisheli zilisaidiwa upande wa mahakama na magereza, kwa sababu kabla ya hapo maharamia walikuwa wanakamatwa na kuachiwa, hakuna nchi ya kuwashtaki. Japani haina ufuko Somalia. Ilitoa fedha kwa sababu meli zake zinapita pale. Huyo ndiye msaidizi ninayemwelewa, yule anayelinda shamba lake kwa kumsaidia jirani kuziba uzio.

Wapinzani watasema, na wana haki, kwamba msaada wa namna hiyo unakwenda anakotaka mtoaji. Meli za kivita zilipogeukia Bahari ya Shamu kwa sababu ya Wahouthi, waasi wa Yemen, maharamia walirudi: meli ya MV Ruen ilitekwa Desemba 2023, MV Abdullah Machi 2024. Na malalamiko ya wavuvi wa Kisomali kuhusu meli za kigeni zinazokomba samaki wao hayakupata ufadhili mnono kama ulinzi wa meli za mafuta.

Kigoma ina kumbukumbu yake pia. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na Wakuba wake walivuka kutoka hapa kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo. Marekani nayo, kupitia shirika lake la ujasusi, CIA, iliipatia serikali ya Kongo boti za doria, zikiendeshwa na Wakuba wapinzani wa Castro, kiongozi wa Kuba, ili kukata njia ya silaha kutoka Kigoma. Huo nao ulikuwa msaada wa serikali kwa mshirika wa kigeni, kwa jina la usalama wa ziwa hili hili. Mzee anayeshtuka akisikia boti za wafadhili zinakuja hajapitwa na wakati.

Hoja nzito kuliko zote ni ya silaha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi jinsi silaha na risasi za jeshi la Kongo zinavyoishia kwa makundi ya waasi. Boti yenye bunduki ikipelekwa Baraka, mji wa Kongo ufukweni mwa ziwa, leo, kesho inaweza kuwa ndiyo inayotufuata kwenye taa zetu. Hapa sina ubishi: bunduki zisiende. Lakini wanaopinga wanafikia hapo na kufunga mjadala, kana kwamba ulinzi ni bunduki tu.

Kinachopungua ziwani ni vitu vya bei ndogo. Redio zinazosikilizana kutoka Kigoma hadi Kalemie, mji wa bandari wa Kongo. Daftari moja la namba za mashine, linaloonekana nchi zote nne, ili iliyoibwa Kalya, upande wetu, isiuzwe kwa amani Moba, upande wa Kongo, na iliyoibwa kule isiuzwe kwetu, maana mashine ya wizi haina thamani bila mnunuzi, na wanunuzi wako pande zote. Makubaliano ya nani anamshtaki mtu aliyekamatwa katikati ya maji. Mkataba wa ziwa wa 2003 ulihusu mazingira na rasilimali, haukuandikwa kwa ajili ya kukimbizana na majambazi, lakini umetuachia mamlaka ya pamoja pale Bujumbura na mazoea ya kukaa meza moja. Na wavuvi wa Kongo nao wanaporwa; tukiwaita wote wezi tunawapoteza mashahidi.

Mafuta ndiyo yanayoua doria nyingi za msaada. Boti inakabidhiwa kwa hotuba na utepe, kisha inafungwa gatini. Kwa hiyo msaada uje kama lita za kila mwezi na vipuri, kwa miaka kadhaa, tena kwa sharti kwamba kila safari iandikwe na kitabu kisomwe pande zote mbili.

Pa kuanzia ni Kalemie, ambako serikali ya Kongo bado ipo na bandari inafanya kazi. Boti isiyo na bunduki, redio, na lita zake za mafuta. Kigoma ingojee zamu ya pili. Najua tajiri wa Katonga hatanisamehe kwa sentensi hiyo, na polisi wetu wenye boti chache nao watauliza kosa lao ni nini. Hawana kosa. Ila boti ya 11 upande huu itageuza pale pale zilipogeuza zile 10, na shehena ya Kongo inayopakiwa Kigoma itaendelea kuvuka nusu ya pili ya safari bila mlinzi.