Kuku, kuni na gazeti: soko la mji mdogo dola zilipoadimika

Kila Mdororo Mkuu, yaani anguko la uchumi lililoanza 1929, unapotajwa, kuna kauli inayorudiwa: kwamba hali ilikuwa mbaya Marekani hadi watu wakarudi zama za mali kwa mali, daktari akilipwa kuku na mhariri akilipwa kuni. Ushahidi unaotolewa ni matangazo madogo ya magazeti ya miji midogo ya miaka ya 1930. Shida ilikuwepo, na kubwa. Lakini kusema kwamba watu wale walirudi nyuma ni kuwasoma vibaya, na ni kuusoma vibaya uchumi wenyewe.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Gazeti la mji wa watu elfu moja au mbili lilitoka mara moja kwa wiki, kwa kawaida Alhamisi au Ijumaa, ili mkulima alisome kabla ya Jumamosi, siku ya kwenda mjini. Ndani yake kulikuwa na safu ya mistari midogo iliyobanana: ng'ombe wa maziwa, jiko la kuni, mbegu za viazi, cherehani, gari la Ford linalohitaji matairi, msumeno, fahali wa kupandisha. Tangazo lililipiwa kwa neno au kwa mstari, mara nyingi senti moja au mbili kwa neno, kwa hiyo hakuna aliyetapanya maneno. Ulisema unacho nini, unataka nini, na unapatikana wapi. Basi.

Uchumi ulipozidi kubana, aina moja ya tangazo ilishamiri: la kuuza au kubadilisha. Mwenye farasi anataka nguruwe wachanga. Mwenye gari anataka ng'ombe. Fundi rangi yuko tayari kupaka nyumba kwa viazi na nyama ya kuvukia majira ya baridi. Mengine yalimalizika kwa swali tu: wewe una nini?

Hesabu vilivyomo katika safu hiyo. Chakula kipo. Mifugo ipo, zana zipo, ujuzi upo, na mikono isiyo na kazi ipo tele. Kinachokosekana ni kimoja tu, nacho ni pesa. Hapo ndipo wanaowadharau watu wale wanapoteleza, kwa kuwa wanachukulia ukosefu wa dola kama ukosefu wa mali.

Kati ya 1929 na 1933, jumla ya fedha nchini Marekani, yaani zilizokuwa mikononi mwa watu pamoja na amana zao benki, ilipungua kwa takriban theluthi moja. Takwimu hii inastahili kutazamwa polepole. Hakuna mafuriko yaliyosomba theluthi ya mashamba, wala moto ulioteketeza theluthi ya viwanda. Ardhi ilibaki, watu walibaki, reli zilibaki. Kilichotoweka ni kile kinachomwezesha mtu mmoja kumlipa mwingine. Benki zipatazo 9,000 zilifungwa kati ya 1930 na 1933, na nyingi zilikuwa ndogo, za vijijini, katika majimbo ambayo sheria ilizizuia kufungua matawi. Benki ya namna hiyo iliishi na mji wake na kufa na mji wake. Ilipofunga milango, akiba ya mjane, fedha za kanisa, mtaji wa duka na akaunti ya gazeti lenyewe vilikwama siku moja. Bima ya amana ya serikali kuu ilianza kufanya kazi Januari 1, 1934, baada ya wengi kuwa wameshapoteza.

Sasa weka deni juu ya hapo. Mkulima wa ngano wa 1929 alipata kama dola 1.03 kwa kila busheli, kipimo cha kilo 27 hivi. Mwaka 1932 alipata kama senti 38. Tuseme alidaiwa dola 1,000. Mwaka 1929 angelilipa deni hilo kwa ngano ya magunia yapatayo 290 ya kilo tisini tisini. Mwaka 1932 alihitaji karibu magunia 800. Shamba ni lile lile, deni ni lile lile kwenye karatasi, lakini jasho la kulilipa limekaribia kuwa mara tatu. Kodi ya ardhi nayo ilidaiwa kwa dola, na riba kwa dola. Yeyote aliyelala akiwa na deni la 1929 aliamka 1932 akiwa na deni jingine ambalo hakulikopa.

Mtu aliyebanwa hivyo hufanya nini? Huzifungia dola chache alizonazo kwa ajili ya wale wasiopokea kitu kingine: mtoza kodi na mwenye rehani. Mengine yote, kuanzia viatu vya watoto, jino linalouma, mbegu, hadi gazeti, huyatafuta kwa njia isiyogusa dola. Tangazo la kubadilisha nguruwe kwa jiko lilitokana na hesabu hiyo. Aliyeliandika alijua bei ya dola kuliko mtu yeyote aliyekuwa New York.

Duka la mjini lilikuwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Mke wa mkulima alikuja Jumamosi na mayai na krimu, mwenye duka akaviandika kwenye daftari, mama akaondoka na sukari, chumvi na kitambaa. Bei ya mayai ikianguka, deni lilibaki kwenye daftari hadi mavuno. Hapo hoja ya upande wa pili ina nguvu, na lazima ipewe haki yake. Maduka ya kampuni zenye matawi mengi, A&P likiwa kubwa kuliko yote na matawi zaidi ya 15,000 kufikia 1930, yaliuza kwa bei nafuu kwa sababu hayakuwa na daftari. Ulilipa taslimu, ukachukua mzigo wako. Waliotetea maduka hayo walisema mwenye duka wa zamani alikuwa akimtoza mlipaji mwema ili kufidia asiyelipa, na walisema kweli. Ila unafuu huo ulimfaa mwenye senti mfukoni. Kwa familia ambayo Jumamosi ilikuja na mayai matupu, bei ndogo ya taslimu haikuwa bei kabisa.

Gazeti nalo lilikuwa katikati ya haya yote. Wahariri wengi wa miji midogo walikubali ada ya mwaka kwa kuku, kuni, mahindi au viazi, na walilitangaza jambo hilo kwenye kurasa zao. Wapo wanaolisimulia kama kichekesho. Kwangu ni uamuzi wa kibiashara wa busara kubwa, maana gazeti likipoteza wasomaji kwa kukosa dola, matangazo nayo hayana wa kuyasoma, na mji unabaki bila mahali ambapo mwenye jiko anaweza kujua kwamba kuna mwenye nguruwe kilomita kumi kutoka kwake. Udhaifu wa mali kwa mali unaofundishwa shuleni ni kwamba lazima nikutane na mtu anayetaka nilicho nacho na aliye na ninachotaka. Safu ya matangazo ilipunguza udhaifu huo kwa sarafu chache kwa wiki.

Mfano mmoja unaonyesha gazeti likifanya zaidi ya kuchapa matangazo. Mjini Tenino, jimbo la Washington, mji wa machimbo ya mawe wenye watu chini ya elfu moja, benki ilifungwa Desemba 1931. Umoja wa wafanyabiashara ukatoa vocha kwa wenye amana: mtu aliandikisha sehemu ya akiba yake iliyokwama, akapewa vocha za kutumia madukani huku akisubiri mali ya benki kufilisiwa. Aliyezichapa ni mmiliki wa gazeti la hapo. Za kwanza zilikuwa za karatasi. Kisha, 1932, akachapa kwenye vipande vya mbao vilivyochongwa vyembamba, na pesa ya mbao ya Tenino ikajulikana nchi nzima. Mwaka 2020, wakati wa korona, mji huo ulichapa tena vocha za mbao kuwasaidia wakazi waliokosa kipato.

Wakosoaji watasema, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya mbao zile hazikurudi kukombolewa kwa sababu watu wa mbali walizinunua na kuziweka kama kumbukumbu. Watataja pia Hawarden, jimbo la Iowa, ambako Oktoba 1932 mji ulitoa vocha za dola moja zilizohitaji kubandikwa stempu ya senti tatu kila zilipobadilisha mikono. Mpango ulikuwa stempu 36 zikitimia, mji uwe na dola ya kuikomboa vocha na chenji ya gharama. Mchumi Irving Fisher, aliyeunga mkono wazo la vocha za stempu, aliona kasoro pale: stempu iliyobandikwa kwa kila manunuzi ilikuwa kodi juu ya kununua, ilhali aliyestahili kutozwa ni anayeificha vocha. Alitaka stempu ya kila wiki. Kasoro nyingine haikuwa na dawa ya ndani ya mji. Mwenye duka aliyejaza droo kwa vocha bado alidaiwa dola na muuza jumla wa mjini mkubwa. Vocha iliweza kuzunguka kati ya kinyozi, fundi viatu na mchinjaji, ikagota stesheni ya reli.

Hayo ni mapungufu ya kifundi. Yapo mazito zaidi. Safu ile ile iliyomkutanisha mwenye jiko na mwenye nguruwe iligawa kazi kwa wanaume na wanawake chini ya vichwa tofauti, na matangazo yaliyotaka mtu mweupe pekee yalikuwa ya kawaida. Msichana aliyeomba kazi za ndani kwa chakula na malazi tu hakuwa akibadilishana chochote kwa usawa. Kusini, familia nyingi za Weusi zilizolima kwa kugawana mavuno zilifungwa kwenye deni la duka la mwenye shamba, na safu ya gazeti haikuwafungulia soko lolote. Matapeli walikuwemo pia: kazi za kufanyia nyumbani zilizodai kwanza utume ada. Wenye taslimu nao walivuna. Serikali ilipopandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi Januari 1934, wanunuzi wa dhahabu kuukuu walipita miji na matangazo yao, na mwenye pete ya ndoa hakuwa na mizani.

Lililo chungu kuliko yote ni kwamba gazeti liliishi pia kwa minada. Sheria ilidai mauzo ya shamba lililowekwa rehani yatangazwe gazetini, na tangazo hilo lililipiwa. Kwa hiyo mhariri aliyepokea kuku wa mkulima kama ada ya mwaka huenda mwaka uliofuata alichapa notisi ya kunadiwa kwa banda la kuku hao hao. Sioni namna ya kulipamba hilo. Gazeti lilihitaji fedha kama kila mtu.

Hata hivyo tazama notisi hizo zilifanya nini. Zilitaja siku, saa na shamba. Iowa, Nebraska na majimbo ya jirani, hasa majira ya baridi ya 1932 kuingia 1933, majirani walifika kwa wingi kwenye minada hiyo. Farasi akinadiwa, mmoja anasema senti kumi. Kimya. Mgeni aliyetaka kupandisha bei alitazamwa na mamia ya macho, na pengine kuonyeshwa kitanzi kilichoning'inia ghalani. Vifaa vya shamba zima viliuzwa kwa dola chache, kisha vikarudishwa kwa mwenyewe. Kulikuwa na vitisho pale, na Aprili 1933 mjini Le Mars, Iowa, wakulima walivuka mpaka kabisa walipomtoa jaji mahakamani na kumtishia kumnyonga. Siwatetei kwa hilo. Lakini tangazo ambalo mkopeshaji alilazimika kulilipia ndilo lililowaita majirani, na mabunge ya majimbo kadhaa, Iowa ikiwemo, yalipitisha sheria za kusimamisha uuzaji wa mali za rehani mwaka huo huo.

Nina sababu ya kulikazia hili kwa wasomaji wa kwetu. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa, ili muuza mboga na mshona nguo waendelee kuuziana siku ambazo shilingi ni haba. Waliohusika walikamatwa kwa tuhuma za kughushi, na baadaye mashtaka yakaondolewa. Dhana iliyowaongoza waliowakamata ni ile ile inayowadharau watu wa Tenino: kwamba anayeuza bila pesa ya serikali ama ni mjinga ama ni mwizi. Swali la kuuliza pale lilikuwa vocha hizi zinasimama juu ya bidhaa gani, na nani ameahidi kuzipokea.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni kwamba vocha zilitoweka haraka. Ni kweli. Rais Roosevelt alifunga benki zote Machi 6, 1933, wiki iliyofuata zilizokaguliwa zikaanza kufunguliwa, amana zikarudi, na miji mingi ikaachana na vocha zake. Wanasema huo ni ushahidi kwamba zilikuwa kazi bure. Lakini vocha ya Tenino ilibuniwa kumvusha mwenye amana hadi apate tena dola, na alipozipata, kazi yake ilikwisha. Matangazo ya kubadilisha hayakwisha siku ile. Yaliendelea kuchapwa miaka mingine kadhaa, kwa sababu benki kufunguliwa hakukumpandishia mkulima bei ya ngano hadi ilipokuwa 1929, na mwenye rehani bado alitaka dola.