Mafunzo ya kazi yafanyike kazini

Wiki hii nimesoma mwongozo wa mafunzo ya maandalizi ya kazi kwa watu wenye ulemavu, nao unamwelekeza kila mshiriki, asiyeona akiwemo, amtazame msaili machoni ili aonekane anajiamini. Umenisikitisha, kwa sababu mafunzo mengi yako hivyo hivyo: mtu anakaa ukumbini, anaandika wasifu, anaigiza usaili, anakabidhiwa cheti, kisha anarudi nyumbani kusubiri mwaliko wa mafunzo mengine.

Kazi ifundishwe pale inapofanyika. Katika miaka ya 1970, Marc Gold, mtafiti wa elimu maalumu wa Marekani, aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, ambao wengi walikuwa wameshawakatia tamaa, kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Aliigawa kazi katika hatua ndogo ndogo, na mwanafunzi alipokwama, jukumu la kutafuta njia nyingine lilikuwa la mwalimu. Muongo uliofuata ukaimarisha utaratibu wa kumwajiri mtu kwanza, kisha mkufunzi akaambatana naye kazini na kujiondoa taratibu kadiri anavyoizoea kazi.

Utaratibu huo una mantiki, kwa kuwa wapo wanaojifunza jambo vizuri mahali pamoja lakini wakapata shida kulihamishia pengine. Tena ni kazini tu ndipo inapojulikana kwamba programu inayomsomea asiyeona maandishi ya skrini haiusomi mfumo wa kuhesabu bidhaa, au kwamba msimamizi hutoa maagizo kwa sauti huku amempa mgongo mfanyakazi kiziwi. Kasoro hizo haziondolewi na mshiriki hata angefundishwa miaka mingapi. Ni za mwajiri, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 27, unataka marekebisho ya namna hiyo yafanywe mahali pa kazi.

Ukumbi nao una faida yake, nakubali, hasa pale mtu anapojizoeza kueleza bila woga msaada anaouhitaji. Lakini hilo halihitaji mwezi mzima.

Kwa hiyo anayeomba fedha za kuendesha mafunzo haya aulizwe kwanza ni mwajiri gani aliyekubali kumpokea mshiriki, nani atakuwa naye siku ya kwanza, na nani atarudi kumtazama baada ya mwaka.