Upande wa kulia wa kibao

Neno "kukariri" limegeuka tusi. Anayetaka kuiponda shule husema watoto wake wanakariri tu, na mfano wa kale haukosi: e-dubba, shule ya waandishi wa Wasumeri, watu wa kale wa Mesopotamia, ambako mtoto alishinda akinakili orodha huku akitandikwa.

Bakora zilikuwepo, sibishi. Yako masimulizi ya Kisumeri ya mwanafunzi anayehesabu viboko vya siku moja: kaongea bila ruhusa, kasimama, mwandiko mbaya, hakuzungumza Kisumeri. Mwishowe baba anamwalika mwalimu nyumbani, anamlisha, anamvika nguo mpya na pete, na papo hapo mtoto anakuwa hodari. (Dawa hiyo haijaisha nguvu hadi leo.) Kisumeri chenyewe kilikuwa kimeshakufa majumbani, watu wakizungumza Kiakkadi. Tena waliosoma walikuwa wachache, wengi wao watoto wa wenye nacho.

Lakini hebu tuitazame kazi yenyewe. Huko Nippur, kusini mwa Iraki ya leo, mwaka 1951 na 1952 wachimbuaji walifukua nyumba ndogo ya karne ya 18 KK iliyokuwa na vibao vya udongo na vipande vyake karibu 1,400. Mtoto alianza kwa kugandamiza kijiti cha mwanzi kwenye udongo mbichi: alama moja moja, silabi, majina ya watu. Zikafuata orodha za miti na vyombo vya mbao, majedwali ya kuzidisha, mikataba ya mfano, methali, na mwisho tenzi. Huo ni mtaala wenye ngazi, na aliyeumaliza aliweza kuandika hati ya shamba au hesabu ya shayiri.

Kwenye vibao vingi mwalimu aliandika kushoto, mwanafunzi akanakili kulia. Akikosea anafuta, anaandika tena, hata upande wake ukawa mwembamba kuliko wa mwalimu. Wembamba huo ndio unaonisumbua kila nikisikia watu wakicheka kukariri. Sehemu kubwa ya fasihi ya Kisumeri, zikiwemo tenzi za Gilgamesh, mfalme shujaa wa masimulizi yao, tunaijua kwa sababu ya mazoezi kama hayo. Baadhi ya vibao katika nyumba ile vilikuwa vimetumika kujazia sakafu na kuta.

Mpinzani atasema faida hiyo tumeila sisi, si mtoto aliyechapwa. Kwa fimbo, namkubalia. Kwa kunakili, simkubalii: tenzi hizo zilikaa kichwani mwake kwanza, ndipo udongo wake ukatupwa chini ya sakafu.