Kabla hujatuma hela ya Defender, soma wakaguzi waliiandika nini

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa Land Rover jamaa katupia picha za Defender 110 iliyoko Uingereza, kijani, tairi mpya, viti vimeoshwa, chini yake kaandika "ina MOT mpaka Agosti, nalipia wiki hii". MOT ni ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka kule Uingereza. Hongera zikamwagika, mmoja anauliza bei, mwingine anauliza inakuja na meli gani, na katika watu wote wale hakuna aliyeuliza namba ya gari. Namba tu, ile ya kwenye plate. Nilibaki nimeshika simu moyo unaniuma, kwa sababu picha za namna hii nilishaziona na najua zilitufikisha wapi.

Zilitufikisha kwa mjomba wangu. Alistaafu ualimu, akachukua kiinua mgongo chake, akasema sasa nanunua gari ya kupanda nayo Mbulu masika, maana kule udongo ukilowa gari ndogo unaiacha barabarani unatembea. Alitaka Defender ya injini ya 300Tdi kwa sababu haina mambo ya kompyuta, fundi yeyote anaifungua na kuifunga. Akapatiwa moja ya 1997. Picha nzuri, cheti cha MOT bado kina miezi saba. Ikafika Dar, ikalipiwa ushuru pamoja na ule wa uchakavu, ikapanda mpaka Arusha bila shida yoyote.

Arusha tukaipeleka kwa fundi pale Unga Limited amwage oil na kukagua springi, basi. Fundi akalala chini yake na bisibisi, akaanza kuchokonoa ile rangi nyeusi nzito kama lami iliyopakwa chesisi nzima, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari, akafika nyuma kwenye boriti inayofungwa ndoano ya trela. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Hakuigonga wala hakuisukuma kwa nguvu, ilizama tu kama kwenye papai bivu. Alipoichomoa ukamwagika unga mwekundu wenye unyevu, na maganda ya kutu yamepangana kama ya kitunguu. Akatoka chini akajifuta mikono akasema, "Mzee, hii gari inashikiliwa na rangi." Mjomba hakujibu. Alivua kofia akaenda kukaa kwenye tairi ya spea.

Usiku ule ndio nikaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza ya historia ya MOT. Haidai hela, haidai ujisajili, unaweka namba inakufungulia ukaguzi wote wa hiyo gari kuanzia 2005 kuja juu, tarehe, maili, ilipita au ilifeli, ilifeli kwa nini, na maangalizo ambayo mkaguzi aliandika hata pale alipoipitisha. Na yote yalikuwa pale! 2011, angalizo, chesisi ina kutu ya juu juu. 2012 hivyo hivyo. 2014, chesisi imeliwa na kutu nyuma kulia. 2016 ikafeli kwa ajili ya sehemu hiyo hiyo, ikachomelewa kibati, siku tatu baadaye ikapita. 2017 angalizo la kutu tena, sasa pande zote mbili. Halafu 2018 neno kutu halipo. Badala yake kuna mstari mmoja, chini ya gari kumepakwa rangi nzito ya kuzuia kutu, baadhi ya sehemu hazikuonekana. Mwaka uliofuata safi kabisa, hakuna hata angalizo moja.

Yaani yule mkaguzi alituambia. Aliandika kwa lugha ya wazi kwamba hakuona, na sisi tukanunua kile ambacho yeye hakukiona.

Ndio maana watu wakiniambia "nimeangalia, MOT ipo" nawauliza, umeangalia ya mwisho au umesoma zote? Cheti cha mwisho kinakwambia gari ilikuwaje siku moja. Historia inakuonyesha ugonjwa umetoka wapi na unaelekea wapi. Na watu wetu wanaisoma vibaya, wakiona mahali imeandikwa ilifeli wanakimbia. Mimi naomba msikimbie. Land Rover ya miaka 25 ambayo haijawahi kufeli hata mara moja inanitia wasiwasi zaidi. Ikifeli breki, ikafeli bushi za mbele, ikafeli taa, halafu wiki hiyo hiyo ikarudi ikapita, hiyo gari ina mwenyewe anayeijali na kutoa hela. Cha kukuogopesha ni angalizo linalojirudia miaka mitatu minne, linakua, halafu linapotea ghafla bila kuona popote kwamba gari ilifeli na kutengenezwa. Kutu haiponi yenyewe. Ikipotea kwenye karatasi basi ama imekatwa ikawekwa chuma kipya ama imefunikwa, na aliyekata na kuweka chuma kipya ana risiti, ana picha, wengine wanaweka chesisi mpya nzima iliyochovywa zinki na hawachoki kukuonyesha. Muombe. Akianza kuzunguka umeshapata jibu.

Na hapa Defender inadanganya kuliko gari nyingi. Bodi yake sehemu kubwa ni alumini, haili kutu nyekundu, kwa hiyo unaweza kuwa na gari inang'aa juu kama jana ilitoka kiwandani Solihull na huko chini chuma kimeisha. Wenzetu kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, ile chumvi inaingia ndani ya chesisi na kukaa humo pamoja na tope miaka na miaka, inaoza kutokea ndani. Picha kumi na tano za bodi hazikupi chochote.

Mengine kwa haraka. Linganisha maili za kila mwaka, zikishuka mahali acha. Ukiona pengo la miaka miwili mitatu uliza gari ilikuwa wapi, nyingine zilikuwa zimepaki shambani kwenye nyasi. Kuanzia Mei 2018 kasoro zimegawanywa ndogo, kubwa na za hatari, hizo mbili za mwisho ndizo zinafelisha. Na anayetafuta zile Land Rover 109 za zamani ajue gari iliyofikisha miaka 40 bila kubadilishwa sana hailazimiki tena kukaguliwa, kwa hiyo historia inaweza kuishia hapo 2018 na kimya chake sio uzima. Wakenya wenye sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8 hili la kuagiza haliwahusu sana.

Nakubali, MOT haioni kila kitu. Mkaguzi hafungui gia boksi, hang'oi kitu, anaangalia kinachoonekana siku hiyo, na kuna wakaguzi wavivu kama ilivyo kila mahali. Kwa hiyo bado tuma mtu akaigonge na nyundo, ukipata Mtanzania anayeishi kule mlipe nauli aende. Lakini huyo mtu akienda na ile historia mkononi anajua agonge wapi!

Halafu kinachonikera zaidi ni kwamba gari ya hapa hapa huna pa kuisoma namna hii. Namba ya gari unaangalizia deni la faini za trafiki kwa sekunde, kila dalali anajua, lakini ukitaka kujua mwaka juzi breki zake zilikuwaje huna pa kuuliza isipokuwa kwa mwenye gari anayetaka kuiuza. Sasa tukipata gari ambayo nchi nyingine imetuandikia miaka 15 ya maisha yake halafu tusisome?

Gari ya mjomba mpaka leo iko Unga Limited juu ya matofali, imekatwa nyuma yote, chuma kinaongezwa kila akipata hela kidogo.

Yule jamaa wa kwenye grupu nilimfuata inbox nikamuomba namba. Akanitumia saa nne usiku, nikampigia tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Maangalizo ya kutu 2013, 2015, 2016 na 2019, baada ya hapo hakuna. Asubuhi akamuomba muuzaji picha ya boriti ya nyuma, kwa chini, rangi ikiwa imekwanguliwa. Mpaka naandika hapa ameletewa picha mbili za dashibodi na moja ya viti, na hela bado iko kwake.