Kaka, kabla hujaniuliza naogopa nini

Mwanamume akitoka kazini katikati ya Nairobi saa mbili usiku, anawaza nauli na msongamano wa Thika Road. Mwanamke akitoka ofisi hiyohiyo, saa hiyohiyo, ana hesabu nyingine za kupiga. Matatu hii ina abiria gani? Wakiwa wanaume pekee na makanga anazidi kunihimiza nipande, nangoja inayofuata hata kama mvua inanyesha. Nikipanda, sikai kona ya nyuma, na namba ya gari namtumia dada yangu. Nikichukua boda boda, nashuka nyumba mbili tatu kabla ya kwetu ili dereva asijue lango ninaloingia. Namlipa kwa noti, si kwa M-Pesa, asije akabaki na jina langu. Akiuliza kama naishi peke yangu, namjibu kuwa mume wangu ananisubiri, awepo asiwepo.

Yote hayo nayafanya usiku ambao hakuna aliyenigusa. Ndiyo sababu hata wanaume wanaotupenda kwa dhati hawayaoni. Wakisikia tunaogopa, wanauliza kulitokea nini, na wakiambiwa hakuna kilichotokea, wanaona tunatia chumvi. Wengine hujitetea upesi: si wanaume wote. Ni kweli, najua, nimelelewa na wanaume wema. Lakini pale stejini gizani, yule mwema na yule mbaya wananiita kwa sauti ileile, na mimi nikikosea kuwatofautisha, anayeumia ni mimi.

Hofu hii hatukuiokota hewani. Novemba 2014 ilisambaa video ya mwanamke aliyevuliwa nguo na wanaume katika steji ya matatu jijini, eti amevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo wanawake walijaa barabarani kudai haki ya kuvaa watakavyo bila kushambuliwa. Bunge likaongeza kifungu cha 251A katika Kanuni za Adhabu: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Nashukuru sheria ipo. Hata hivyo, Machi 2022 tuliona video nyingine, waendesha boda boda wakimzingira mwanamke ndani ya gari lake kwenye Forest Road na kumdhalilisha mchana kweupe.

Mimi nikitazama video hizo, mikono inayovuta nguo si kitu pekee kinachonitisha. Huwatazama waliosimama pembeni. Wanaume wengi, wengine bila shaka ni baba na kaka za watu, na mmoja wao ndiye aliyeshika simu akirekodi. Kama waliosimama wangesogea hatua tatu mbele, lile jambo lisingefika lilikofika. Kwangu mimi kiini cha hofu kiko hapo: kwamba nikipiga kelele, watu watasikia vizuri kabisa na watabaki wakitazama.

Kwa hiyo ukinisindikiza hadi stejini nakushukuru sana, lakini ulinzi huo unakwisha ukirudi nyumbani. Ninachokuomba ni kile utakachofanya ukiwa na wenzako, mimi nisipokuwepo. Makanga akimvuta msichana mkono amwingize garini kwa lazima, mwambie amwachie. Usimngoje msichana ajitetee. Yeye tayari anapima kama akisema neno atatukanwa mbele ya steji nzima. Makanga akikaidi, shuka, na umwombe na aliyekaa kando yako ashuke. Biashara ya matatu inategemea viti kujaa, na makanga anayeona nauli ikiteremka mlangoni atasikiliza upesi kuliko akilalamikiwa na msichana mmoja.

Video ya mwanamke aliyedhalilishwa ikiingia kwenye kundi lenu la WhatsApp, usiisambaze, na mwambie aliyeituma aifute, hata kama ni bosi wako au rafiki wa utotoni. Najua hilo ni gumu kuliko kumsindikiza dada yako.

Na ukijikuta unatembea nyuma ya mwanamke kwenye kichochoro chenye giza, vuka upande wa pili, au simama kidogo umwache atangulie. Hatageuka kukushukuru, kwa sababu wakati huo anasikiliza viatu vyako.