Deni la Mahamri Langoni

Mfungo Sita uliopita, siku mbili kabla ya Maulidi, mzee mmoja alinisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu. Alivaa kanzu na koti jeusi, na mkononi alishika bahasha ya kaki iliyokunjika pembeni. Alinisalimu, tukajuliana hali, kisha akauliza: "Kwa Ami siku hizi ni wapi?"

Nilijua hapo hapo kwamba ni mwanafunzi wa zamani. Hoteli ya Ami haikuwa na kibao wala jina ukutani. Aliyeijua ni aliyekula pale. Nikamwambia twende, nikampeleka hadi mtaa wa Langoni, tukasimama mbele ya mlango ule ule wa nakshi. Ndani sasa wanauza vikapu, vinyago na fulana zenye picha ya jahazi. Mzee alitazama dari, akatazama pale palipokuwa na jiko, akaigeuza geuza ile bahasha. Mwishowe akaniambia amesafiri kutoka Tanga kwa ajili ya Maulidi na kwa ajili ya deni la shilingi 60 aliloliacha hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Siku nne nzima sikulala vizuri nikiwaza habari hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Lamu ni mji wa chuo. Nasema chuo kwa maana yake ya zamani, pale mtoto anapokaa mkekani na juzuu yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija katika visiwa vya Komoro, alianza kusomesha hapa, akawafungulia mlango hata wale ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao darasani. Kutokana na kazi yake ikasimama Riyadha, msikiti na chuo chake, na tangu hapo mji huu umekuwa ukipokea vijana kutoka visiwa vya Wabajuni, Mombasa, Tanga, Unguja, Komoro, mpaka Uganda. Walikuja na sanduku la bati na anwani ya maalim. Wengi walikuwa watoto wa maskini. Kwa miaka mingi sisi wenyeji tuliishi nao, tukala nao, tukacheza nao mpira ufukweni, na baadhi ya dada zetu wakaolewa nao.

Mwanafunzi huyo alihitaji mahali pa kukaa baada ya darasa, kati ya Alasiri na Magharibi. Hapo ndipo alipoingia Ami na wenzake.

Hoteli yake ilikuwa na meza tatu na mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi vya karai na chai ya maziwa yenye iliki. Daftari la madeni lilining'inia kwenye msumari kwa uzi wa katani. Hakuwa akiandika majina kamili. Aliandika "Mngazija mrefu", "Yule wa Siyu", "Tanga wa miwani". Kijana akipita nje bila kuingia siku mbili tatu, Ami alijua hana kitu, akamwita kwa sauti: "Ndoo ule, mwanangu!", yaani njoo ule. Nimemsikia akisema maneno hayo mara nyingi sana, na sijamsikia hata mara moja akimdai mtu mbele ya watu.

Hatua chache kutoka pale, kwenye kichochoro kinachopanda kutoka upande wa soko, kulikuwa na duka la kanda. Kama ningeambiwa nirudishiwe mahali pamoja tu katika mji huu, ningechagua pale. Ulikwenda na kaseti yako tupu, ukamwambia mwenye duka unachotaka, akakirekodi kutoka kwenye kanda yake mama. Mashine yake ilikuwa ya mwendo wa kawaida. Kanda ya dakika 60 ilichukua saa nzima, ya 90 saa moja na nusu, na saa hiyo uliikalia pale pale kwenye benchi.

Benchi hilo lilikuwa darasa. Sisi tulifuata taarabu, hasa udi wa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu aliyekwenda kuvuma Mombasa na kwingineko. Wanafunzi wa chuo walifuata mawaidha na kasida. Lakini mashine ilikuwa moja na kila mtu alisikiliza cha mwenziwe. Ukifika ubeti wenye neno gumu, mtu mmoja angesema, "Rudisha." Mwenye duka alirudisha. Hapo ubishi ulianza: neno hili ni la Kiamu cha kale, lahaja yetu ya Lamu, hapana ni Kiarabu, hapana nyanya yangu hulisema hivi. Kijana wa Ngazija angesema kwao wana neno lifananalo nalo. Nusu ya Kiswahili changu cha ndani nilikipata hapo, na sikulipa ada yoyote isipokuwa bei ya kurekodiwa.

Studio ya picha nayo ilikuwepo, na pazia lake lililochorwa meli na mlima wenye theluji. Wanafunzi walipigwa picha ya kupeleka kwa mama, kalamu mfukoni, na walingoja hadi filamu imalizike ndipo ipelekwe Mombasa kusafishwa. Baadaye zikaja simu za jamii, kisha saiba, yale maduka ya intaneti. Zote zimepita.

Mpwa wangu huniambia ninalilia vitu vilivyopitwa na wakati. Simu yake ina nyimbo elfu na picha elfu mbili. Ni kweli, na namfurahia. Mimi silii kaseti. Ninalilia ile saa nzima ya kukaa na mtu usiyemjua, huku nyote wawili hamna haraka wala hamwezi kuondoka kwa sababu kanda haijaisha. Simu yake haijampa hiyo, na sioni kwingine anakoipata.

Na si simu peke yake iliyofunga milango hii. Mwaka 2011 wageni kutoka Ulaya walitekwa hapa jirani, Kiwayu na Manda, watalii wakakimbia, na wengi waliotegemea pesa yao wakayumba. Juni 2014 yakaja mauaji ya Mpeketoni, mji ulio upande wa bara wa kaunti yetu, na Julai, Ramadhani ikielekea kwisha, tukawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Iliendelea hadi Desemba. Aliyekuwa hapa anajua ukimya wa usiku ule. Wavuvi wa usiku walibaki na nyavu zao nyumbani. Wauza kahawa, ambao soko lao huanza baada ya Isha pale Mkunguni mbele ya ngome, walikaa na madele baridi. Mwaka 2020 korona ikaleta amri nyingine. Mtu mwenye meza tatu anaweza kufunga mara moja akafungua tena. Mara ya pili mtaji umeliwa, na mwenye nyumba ameshapata mpangaji wa kulipa zaidi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Ukitaka kugusa ukuta wa mawe au kubadilisha mlango, lazima uulize, na mimi naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Lakini hakuna anayeulizwa hoteli ya mahamri inapogeuzwa duka la vinyago. Mlango umebaki, mgeni anaupiga picha, na kijana wa chuo anaupita kwa kuwa ndani hakuna kitu chake. Tumeulinda mji kama sanduku zuri tukasahau kuangalia kilichomo.

Dawa tunayo, na si ya kuagiza mbali. Wazee wetu waliacha wakfu: nyumba na maduka ambayo kodi yake ni ya msikiti au ya chuo. Naomba wasimamizi wa wakfu na Kaunti ya Lamu wakae pamoja, watenge walau chumba kimoja Langoni na kimoja mtaa wa Mkomani, wakipangishe kwa kodi ndogo kwa mtu wa mahamri, au fundi wa kushona misahafu iliyochanika, au yeyote ambaye biashara yake ina benchi. Sharti liwe hilo la benchi. Watakaosema ni hasara wakumbuke kwamba watu walewale waliolishwa kwa daftari la Ami ndio wanaorudi kila Mfungo Sita, wanalala kwenye nyumba zetu, wanapanda maboti yetu kutoka Mokowe, na wanawaleta watoto wao wasome hapa.

Tukirudi kwa mzee wa Tanga. Ami alifariki zamani, lakini binti yake yuko, na asubuhi huchoma mahamri barazani kwake. Nikampeleka. Alipoeleza shida yake, mama yule alitikisa kichwa, akasema baba kabla ya kufa aliwasamehe wote, daftari lile aliamuru lichomwe. Mzee akasema hilo analisikia, lakini yeye hakuwahi kusamehewa akiwa anasikia, na hawezi kurudi Tanga na bahasha hii. Walibishana kwa heshima, huyu akisukuma, yule akirudisha, hadi mahamri yakaanza kuungua kwenye karai.

Mama akaipokea bahasha, hakuifungua. Akaiweka chini ya mkeka, akageuza mahamri, kisha akamuuliza:

"Wewe ni yupi? Tanga wa miwani?"

Mzee akavua miwani yake, akaanza kuifuta kwa pindo la kanzu.