Majalada ya wakili mdogo na wingu lililo mbali

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa karani wa wakili mmoja hapa Mjini Unguja, alinijia mzee kutoka Wete na swali moja tu: "Mwanangu, karatasi yangu ipo?" Karatasi yenyewe ilikuwa hati ya shamba la mikarafuu, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, naye aliikabidhi ofisini kwetu kwa amana. Ilikuwepo. Lakini mchwa walishapita kwenye pembe ya jalada, na saini ya shahidi wa pili ilikuwa haisomeki tena. Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana kila mawakili wanapobishana kama ofisi ndogo zihamishie kazi zao kwenye programu za mtandaoni, hizi zinazoitwa za wingu kwa kuwa nyaraka hukaa kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, mimi hulikumbuka kabati lile.

Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya mawakili tu. Clio, iliyoanzishwa Canada mwaka 2008, huweka mahali pamoja majalada, kalenda, ankara na hesabu ya saa za kazi. Kwa maoni yangu ofisi ya wakili mmoja na karani mmoja kule Chake Chake haihitaji mzigo wote huo. Barua pepe ya ofisi, kalenda na hifadhi ya nyaraka, zile zinazouzwa na Google au Microsoft kwa dola chache kwa kila mtumiaji kwa mwezi, zinatosha.

Faida iliyo wazi zaidi ni kalenda. Anayetaka kukata rufaa ya madai Mahakama ya Rufani ya Tanzania hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha ana siku 60 tangu taarifa hiyo kuwasilisha rufaa yenyewe. Siku hizo zikipita, mteja mwenye haki hujikuta anaomba kuongezewa muda badala ya kusikilizwa. Kalenda ya ukutani haimwamshi mtu. Ya kwenye simu humkumbusha wakili na karani wake kwa pamoja, hata kama mmoja yuko Pemba na mwengine amekaa Mahakama Kuu, Tunguu. Na wakili wa Pemba anayevuka bahari na begi la majalada anajua wasiwasi wa kufika mahakamani akagundua kiapo kimebaki mezani.

Wanaopinga huanza na umeme na mtandao, na hawasemi uongo. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008 waya wa baharini ulipoharibika, kisha miezi mitatu tangu Disemba 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa na haikurudi kwa siku kadhaa. Wakili aliyekuwa na nyaraka zake mtandaoni tu siku hizo alikuwa mikono mitupu. Hata hivyo naiona hoja hii kuwa nyepesi kuliko inavyosikika, kwa sababu programu nyingi hukubali kuweka nakala kwenye kompyuta ya ofisi na kuzioanisha mtandao ukirudi. Anayepanga hivyo hupoteza mawasiliano, lakini nyaraka zake anazo.

Siri ya mteja ndiyo inayonikosesha usingizi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018, maarufu kwa jina la CLOUD Act, inaziruhusu mamlaka za huko, kwa kufuata taratibu za kisheria, kuilazimisha kampuni ya Kimarekani kutoa data iliyo mikononi mwake hata ikiwa imehifadhiwa nje ya Marekani. Nyumbani nako pana pengo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inafika Zanzibar isipokuwa katika mambo yasiyo ya Muungano. Mahakama zetu, ardhi yetu na mirathi mbele ya kadhi si mambo ya Muungano. Kwa hiyo wakili wa Vuga akiulizwa ni sheria gani khasa inayolinda jalada la mirathi alilolipandisha mtandaoni, itambidi afikiri kabla ya kujibu. Pengo hili linastahili kuzibwa na Baraza la Wawakilishi, na chama cha mawakili kina wajibu wa kulidai hilo.

Lakini tulinganishe na nini? Visiwa vyetu ni vidogo. Karani ni binamu wa mdaiwa, mfagiaji anakaa mtaa mmoja na mke mwenza wa mteja, na jalada la talaka liko mezani, limefunikwa na gazeti. Mtu wa mbali anayeendesha kompyuta za kampuni hata hajui kuwa wewe upo, wala hana shangazi wa kumsimulia. Isitoshe, nimeona rasimu za wasia zikitumwa kwa WhatsApp, hati za viapo zikizunguka kwenye flashi za duka la kuchapishia, na nyaraka za wateja zikikaa katika barua pepe ya bure ya karani, ambayo ataondoka nayo siku akiacha kazi. Mawakili wanaosema hawataki wingu wameshaingia wingu, ila kwa mlango wa nyuma, bila mkataba na bila kujua nani ana ufunguo.

Lipo jengine lisilozungumzwa sana. Ofisi nyingi hapa ni za wakili mmoja. Akifariki, kabati lake hata seremala atalifungua, na wateja watapata hati zao. Akaunti haifunguliwi na seremala. Nywila amekwenda nayo marehemu, na namba za uthibitisho zinatumwa kwenye simu ambayo familia haijui pini yake. Ada ya mwezi ikikosa kulipwa, huduma husitishwa, na baada ya muda nyaraka hufutwa. Wajane na mayatima wanaosubiri mirathi hawapaswi kuhangaishwa hivyo. Akaunti za kulipia za ofisi huruhusu msimamizi wa pili, akaunti ya bure ya mtu binafsi hairuhusu. Kwangu mimi hii peke yake ni sababu tosha ya kulipa zile dola, na kumteua wakili mwenzako kwa maandishi ungali hai.

Kwa hivyo mimi nipo upande wa kuhama, kwa masharti: akaunti iwe ya ofisi, uthibitisho wa hatua mbili, nakala nyengine kwenye diski iliyofungiwa ndani, mteja aambiwe na aridhie, na hati asilia isitupwe kamwe. Mashauri ambayo kuvuja kwake kunaweza kumgharimu mtu uhai wake, ningeyaacha kwenye karatasi na kufuli.

Hati ya yule mzee ingeskaniwa siku aliyoileta, saini ya shahidi wa pili ingesomeka hadi leo. Mahakama huanza kwa kutaka hati yenyewe, lakini ikithibitika imeharibika, nakala hupokelewa. Sisi hatukuwa na nakala.